Kulipwa juu ya kujaribu tovuti: kazi ya kweli ni ipi, na mtego uko wapi



Tangu mvua iliisha, katika mikutano yetu ya Katuba kuna swali moja ambalo linarudi kila mara. Vijana wanaliuliza, na ba mama vilevile: "Tunasikia asema bantu banalipwa dola juu ya kuangalia tu siti kwa telefone, beko kwabo. Njo kweli, ao banatudanganya?"

Swali ni la maana, juu limekuja wakati feza ya mavuno iko mkononi. Kati ya mwezi wa tano na mwezi wa tisa, mkulima wa kwetu anauza mahindi na anaweka kando kile kitakachonunua mbegu na mbolea. Feza hiyo si ya ziada. Ikipotea mwezi wa saba, shamba la mwezi wa kumi na moja litapandwa bila mbolea, na njaa itajulikana mwaka unaofuata. Ndiyo maana tumeona vizuri kueleza jambo hili katika gazeti la wakulima, ijapokuwa si mambo ya jembe.

Jibu letu fupi ni hili: kazi ya kujaribu tovuti iko kweli, na kuna watu wanaolipwa. Lakini ni kazi ndogo, inakuja mara moja moja, na kwa mtu wa Lubumbashi mlango wake ni mwembamba. Tena kazi ya kweli haiombi kamwe feza ya kuingilia. Sasa tueleze hatua kwa hatua.

Kazi yenyewe ni nini

Tovuti, ile ambayo vijana wetu wanaita siti, ni kama duka. Kuna mlango, kuna rafu, kuna mahali pa kulipia. Mtu aliyeijenga anajua kila kona yake, kwa hiyo haoni tena mahali ambapo mgeni anajikwaa. Labda kitufe cha kulipa kimejificha chini kabisa. Labda neno moja halieleweki. Labda ukurasa unakawia kufunguka kwa telefone ya bei ndogo. Mnunuzi anachoka, anafunga, anaenda kwingine, na mwenye duka anapoteza wateja bila kujua sababu.

Kwa hiyo kampuni zinatafuta watu wa kawaida, si mainjinia, wafungue tovuti na kuitumia huku wanasema kwa sauti kila kitu wanachowaza: "Sasa natafuta bei. Siioni. Nafikiri iko huku. Hapana, imenipeleka pengine." Programu inarekodi sauti yako pamoja na yale yanayoonekana kwenye telefone ao kompyuta. Mara nyingi jaribio moja linachukua kati ya dakika 10 na 30. Hauombwi kusifu tovuti, wala hauombwi kujua jinsi kompyuta inavyotengenezwa. Unaombwa kusema ukweli wa mtu ambaye anaona kitu kwa mara ya kwanza.

Kuna kampuni ambazo zinasimama katikati ya wenye tovuti na wajaribu. UserTesting ilianza huko Marekani mwaka 2007. Ziko pia uTest na Userlytics. Kwa miaka mingi UserTesting ililipa dola 10 kwa jaribio moja la karibu dakika 20, na hiyo dola 10 ndiyo imezaa habari nyingi zinazozunguka katika WhatsApp. Mtu anasikia dola 10 kwa dakika 20, anapiga hesabu: saa moja ni dola 30, siku ya saa nane ni dola 240. Anaanza kufikiri kwamba jembe ni upumbavu. Hesabu hiyo ina kasoro moja kubwa: majaribio hayafuatani namna hiyo.

Kwa nini kazi ni chache

Mkulima ambaye amepeleka udongo kupimwa anajua kwamba hatuchimbi shamba lote. Tunachota udongo mahali 15 ao 20 katika shamba, tunachanganya katika ndoo, tunapeleka mfuko mmoja mdogo. Ukichota mahali 100 zaidi, utachoka sana na utajifunza kidogo tu kuliko ulivyojua.

Kujaribu tovuti kunafuata njia hiyohiyo. Mwaka 1993 Jakob Nielsen, mtaalamu kutoka Denmark, pamoja na mwenzake Thomas Landauer, walionyesha kwa hesabu kwamba mjaribu mmoja peke yake anafunua karibu sehemu moja ya tatu ya kasoro zote. Wa pili anarudia baadhi ya zile za kwanza na kuongeza chache. Mwaka 2000 Nielsen aliandika wazi kwamba watu 5 wanatosha kuonyesha karibu asilimia 85 za kasoro. Ni afazali kutengeneza kwanza zile zilizoonekana, kisha kuita watu wengine 5.

Kwa kampuni, hiyo ni habari njema. Kwa mtu anayetafuta kazi, ni habari ya kumfungua macho. Jaribio moja linahitaji watu wachache, wakati wanaongoja kazi hiyo wako wengi sana duniani kote. Ni kama lori limekuja kutafuta vibarua 5 wa kupakua magunia, na watu 500 wamesimama kando ya barabara.

Ndiyo sababu kabla ya kila jaribio kuna maswali ya kuchagua watu. Una miaka ngapi? Uko nchi gani? Unatumia telefone gani? Ulinunua nini mwezi uliopita? Kampuni ya Ufaransa ambayo inauza bima ya magari inatafuta mtu wa Ufaransa mwenye gari. Mtu wa Katuba akikataliwa hapo, si kwamba hana akili: yeye si mteja wao. Lakini muda alioutumia kujibu maswali haulipwi.

Tena kuna jambo la lugha. Majaribio mengi ni ya Kiingereza. Ya Kifaransa yako, lakini ni machache kuliko hayo, na ya Kiswahili ni adimu. Mwanamemba ambaye anasoma Kifaransa vizuri lakini hasemi Kiingereza atakuta milango mingi imefungwa.

Watu wengine wanashauri kudanganya katika maswali: sema uko Paris, sema una gari mbili. Tunawaomba msifuate shauri hilo. Kampuni zinaona muunganisho wa intaneti unatoka nchi gani, zinasikia sauti, zinatazama rekodi. Wakikugundua wanafunga konti, na feza uliyokuwa umeitumikia inabaki kwao. Kununua ao kukodi konti ya mtu mwingine ni hivyohivyo, tena ni vibaya zaidi: malipo yanaingia kwa mwenye jina, na siku akikataa kukupa hauna pa kumshitaki.

Tupige hesabu kama ya shamba

Katika mafunzo yetu tunasema kila mara: usihesabu magunia tu, toa kwanza mbegu, mbolea, vibarua na usafiri. Tufanye hivyohivyo hapa. Hesabu ifuatayo ni mfano wa kujifunzia. Kila mtu aweke bei zake mwenyewe.

Tuseme katika mwezi mmoja umepata majaribio 3 ya dola 10. Umeingiza dola 30.

Umenunua mega za intaneti za dola 9, juu kurekodi sauti na picha na kuzituma kunakula mega nyingi kuliko ujumbe wa WhatsApp.

Umelipa dola 2 za kuchaji, juu umeme wa SNEL unakatika na inakubidi kuchajisha pengine.

Umekatwa dola 3 katika njia ya kutuma na kutoa feza.

Jumla ya gharama ni dola 14. Imebaki dola 16.

Sasa hesabu saa. Majaribio 3 ya dakika 20 ni saa moja. Lakini mwezi mzima ulikuwa unafungua telefone kuangalia kama kazi imekuja na kujibu maswali ya kuchagua watu. Tuseme jumla yake ni saa 15. Basi dola 16 unazigawanya kwa saa 16: umetumikia dola moja kwa saa. Kwa mtu ambaye ana telefone nzuri tayari, anayekaa mjini, na ambaye saa hizo hazikuwa na kazi nyingine, si kitu cha kuzarau. Kwa mtu ambaye anaacha kupalilia mahindi ao kumwagilia mboga kando ya Kafubu, ni hasara.

Kuna hatari nyingine ambayo haimo katika hesabu: intaneti yenyewe. Wote tunakumbuka kwamba baada ya uchaguzi wa tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2018, intaneti ilikatwa katika nchi nzima kwa karibu majuma matatu. Mtu ambaye mkate wake wote ulitoka kwenye intaneti alikaa mikono mitupu, wakati lengalenga na matembele vilikuwa vinauzwa sokoni kama kawaida. Kazi ya intaneti iwe kando ya shamba, isichukue nafasi yake.

Feza inafika namna gani

Hapa ndipo wengi wanakwama, hata wale waliopata kazi. Kwetu feza ya telefone inapita kwa M-Pesa, ambayo Vodacom iliileta Kongo mwaka 2012, ao kwa Airtel Money ao Orange Money. Unaenda kwenye kabine, unatoa dola ao franka, basi. Kampuni nyingi za kujaribu tovuti hazijui njia hizo. Zinalipa kwa PayPal, na katika nchi nyingi za Afrika konti ya PayPal inakubali kulipa lakini haikubali kupokea.

Kwa hiyo swali la kwanza si "watanilipa ngapi?" Swali la kwanza ni "watanilipa kwa njia gani, na njia hiyo inafika Lubumbashi kwa jina langu?" Soma ukurasa wa malipo wa kampuni kabla ya kujiandikisha. Kama jibu halimo, waandikie uulize. Kama hakuna njia, usianze. Kulima shamba ambalo hakuna barabara ya kutoa mavuno, wote tunajua mwisho wake.

Mtego uko wapi

Waswahili wanasema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kampuni ya kweli ina wajaribu wengi kuliko kazi, haina sababu ya kukutafuta usiku katika WhatsApp. Anayekutafuta, akikuita "ndugu" na kukuonyesha picha za dola, anataka kitu chako.

Mtego unafanya kazi hivi. Unaambiwa kuna kazi rahisi: kutazama tovuti, kubonyeza alama ya kupenda, kutazama matangazo. Siku ya kwanza unapewa feza kidogo kweli, na inaingia katika M-Pesa yako. Unafurahi, unawaambia majirani. Kisha unaambiwa kwamba kuna daraja la juu ambalo linalipa zaidi, lakini kwanza uweke dola 20. Unaweka, wanakulipa 5. Unaambiwa uweke 100 na kuleta watu watatu. Siku moja tovuti haifunguki tena, na namba za telefone zimezimwa.

Ile feza ndogo uliyopewa mwanzoni haikutoka kwa kazi yoyote. Ilitoka katika mifuko ya wale waliolipa nyuma yako. Mpango kama huo lazima uanguke, juu unahitaji kila juma watu wapya wengi kuliko wa juma lililopita, na watu wanakwisha. Wazee wetu wanajua jambo hili bila intaneti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati wa Zaire, Bindo Promotion iliahidi kurudisha feza ya watu mara nyingi zaidi, na mwaka 1991 ikaanguka na akiba zao. Kilichobadilika leo ni mavazi tu.

Majirani wetu wameumia pia. Nchini Kenya mwaka 2021 kulianguka mpango uliojiita Amazon Web Worker Africa, uliotumia jina la Amazon bila kuwa wa Amazon, na watu waliokuwa wamelipa ili wapewe kazi wakapoteza feza. Tanzania mwaka 2025 polisi walikamata watu kuhusu mpango ulioitwa LBL, ambamo mtu alilipa kwanza, kisha akaahidiwa malipo ya kutazama matangazo.

Basi shikeni alama hizi tano. Ukiona hata moja tu, ondoka.

1. Wanaomba feza ya kuingilia, ya "mafunzo", ya "kufungua konti" ao ya kupanda daraja.

2. Wanaahidi feza ileile kila siku. Kazi ya kweli haijui kesho itakuwa na majaribio mangapi.

3. Wanalipa juu ya kuleta watu kuliko juu ya kazi.

4. Wanaomba namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Hakuna kampuni inayohitaji namba hiyo ili ikulipe.

5. Hawawezi kueleza mteja wao ni nani. Uliza hivi: "Huyu anayelipa, anapata faida gani kwa mimi kubonyeza?" Kwa jaribio la kweli jibu liko: mwenye tovuti anataka kujua kasoro zake. Kwa mtego hakuna jibu.

Hata kazi ya kweli inaweza kufunga mlango

Tusifikiri kwamba upande mmoja kuna wezi tu na upande mwingine kuna usalama mtupu. Nairobi ina historia ndefu ya kazi za intaneti, na inatufundisha. Huko maelfu ya vijana wamefanya kazi iliyo jirani na hii: kuchambua picha na maandishi ili kufundisha mashine za akili bandia. Mwezi wa kwanza mwaka 2023, gazeti la Time la Marekani lilionyesha kwamba wafanyakazi wa kampuni ya Sama mjini Nairobi, waliosoma maandishi mabaya sana kwa ajili ya OpenAI, walikuwa wanapokea kati ya dola 1,32 na dola 2 kwa saa. Mwezi wa tatu mwaka 2024, Remotasks, jukwaa lingine la kazi za namna hiyo, lilifunga milango yake kwa watu wa Kenya, na wengi waliokuwa wanaishi kwa kazi hiyo wakabaki bila kitu.

Mkulima anaweza kufananisha hali hiyo na kulima shamba la kukodi bila karatasi. Mwaka huu unavuna, mwaka ujao mwenye shamba anakuambia toka. Hauachi kulima juu ya hiyo, lakini haupandi miembe pale. Vilevile kwa kazi ya intaneti: chukua kile inachotoa leo, lakini usikope juu yake, na usimwondoe mtoto masomoni kwa ajili yake.

Jaribio la watu 5 ndani ya koperative

Kuna faida moja ambayo haihitaji PayPal wala Kiingereza: kujua kujaribu kitu kwa macho ya mgeni ni ufundi, na koperative zetu zinauhitaji.

Chukueni mfano wa tangazo la kuagiza mbolea ambalo komite inatuma katika WhatsApp. Komite inaona liko wazi. Lakini msimu wa kupanda ukifika, huyu ameagiza mifuko ya NPK akifikiri ni urea, yule ametuma feza kwa namba ya zamani, mwingine hakujua siku ya mwisho. Kila mtu anasema mwenzake hakusikiliza. Tangazo halikujaribiwa.

Fanyeni hivi. Kabla ya kutuma, chagueni wanamemba 5 ambao hawakuliandika: kijana mmoja, mama mmoja anayeuza sokoni, mzee mmoja, mtu mmoja ambaye anasoma polepole, na mwanamemba mpya mmoja. Mpeni kila mtu tangazo peke yake, bila wengine kusikia. Mwombeni asome kwa sauti na kusema anachowaza. Kisha mwambieni: "Onyesha sasa ungefanya nini ili uagize mifuko miwili." Ninyi mnyamaze. Msimsaidie, msimcheke. Mahali anaposimama, mahali anaporudia mstari, andikeni. Ni tangazo ambalo tunajaribu, si mtu.

Watu wawili wakisimama mahali pamoja, badilisheni mahali hapo. Kazi yote inamalizika kwa asubuhi moja, na inaweza kuokoa mifuko mingi ya mbolea. Njia hiyo inafaa pia kwa karatasi ya likelemba, kwa daftari la gala, na kwa huduma yoyote ya telefone ambayo washirika wanatuletea kuhusu bei ya mahindi ao habari ya mvua.

Hapo kuna haki ambayo tunawashauri muidai. Mradi ukileta programu mpya ya telefone kwa wakulima, ulizeni: "Ilijaribiwa na wakulima wangapi wa huku? Kwa Kiswahili cha huku? Kwa telefone ya bei gani?" Kama bado, pendekezeni wanamemba wenu 5, na ombeni walipwe kwa saa zao, sawa vile mtaalamu yeyote analipwa. Nyinyi ndio wateja, na macho yenu yana bei.

Kama mtu amekata shauri la kujaribu

Kwa mwanamemba ambaye bado anataka kuingia katika kazi ya kampuni za nje, tunashauri afuate utaratibu huu.

Kwanza, nunua mbegu na mbolea ya msimu, ao weka feza yake mahali ambapo hautaigusa. Feza ya koperative na ya likelemba isiingie kabisa katika jambo hili, hata kwa siku mbili, hata kama ni mweka hazina mwenyewe anayeomba.

Pili, hakikisha njia ya malipo inafika kwetu kwa jina lako.

Tatu, andika anwani ya kampuni wewe mwenyewe katika telefone, usibonyeze kiungo ulichotumiwa. Wezi wanatengeneza tovuti zinazofanana na za kweli, herufi moja tu imebadilishwa. Kampuni za kweli zinakupa kwanza jaribio la mazoezi. Lifanye mahali pa utulivu, redio imezimwa.

Nne, kabla ya kurekodi, funga WhatsApp na ujumbe wa feza, juu mteja anaona kila kitu kinachotokea kwenye telefone yako. Usiandike kamwe namba yako ya siri ya kweli katika jaribio. Picha ya kadi ya uchaguzi usiipeleke kwa mtu wa WhatsApp ambaye haumjui.

Tano, weka daftari, sawa vile unavyoweka la shamba. Upande mmoja: mega, kuchaji, makato, saa. Upande mwingine: feza iliyofika kweli mkononi, si ile iliyoahidiwa. Baada ya miezi miwili, soma daftari. Kama saa moja inakupa kidogo kuliko saa moja ya bustani, unajua la kufanya.

Na kama mtu amekwisha kulipa katika mpango wa mtego, asikae kimya kwa haya. Asiongeze hata franka moja ili "kufungua" ile iliyokwama: hiyo ni njia yao ya kumnyang'anya mara ya pili. Abadilishe namba yake ya siri, apeleke habari kwa kampuni ya telefone na kwa polisi akiwa na ujumbe wote aliotumiwa, na awaambie wenzake katika mkutano. Mwanamemba anayesema mapema analinda kisanduku cha wote.

Katika mikutano ya mwezi huu, animatere wetu watakuja na karatasi ya zile alama tano, na watafanya pamoja nanyi jaribio la watu 5 juu ya tangazo lenu la mbolea. Komite zilete tangazo lenyewe jinsi lilivyo, bila kulitengeneza kwanza. Mvua haitukawishi: kila koperative imalize orodha yake ya mbegu na mbolea kabla ya mwisho wa mwezi wa tisa.

Kazi njema kwenu wote.